Nina miaka 44 na nataka kusomea sheria: LSAT naianzaje?

Mshauri, habari za kazi.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 44, naishi Minnesota, Marekani. Shahada yangu ya elimu niliipata nyumbani Tanzania mwaka 2004, na sasa niko idara ya bili ya hospitali, kazi ya mchana, Jumatatu hadi Ijumaa. Nataka kusoma sheria kwa programu ya jioni ya miaka minne, na chuo ninachokilenga kinadai alama za LSAT, ule mtihani wa kuingilia vyuo vya sheria.

Nimefanya mtihani mmoja wa mazoezi kwa kufuata saa, nikapata 146. Kilichonitisha zaidi ni muda. Kila sehemu ilipoisha nilikuwa sijayagusa maswali saba au nane ya mwisho. Kaka mmoja wa hapa amenipa kitabu chake cha mwaka 2017, na sehemu kubwa yake ni michezo ya mantiki, ile ya kupanga watu kwenye viti na ratiba. Siielewi hata kidogo. Mwingine ananiambia dawa ni kufanya mtihani mzima kila siku mpaka nizoee.

Mimi nina saa nane tu kwa wiki, na hizo nazo ni za kupigania. Naomba kujua: tatizo langu ni umri, ni Kiingereza, au ni saa? Nijiandae kwa muda gani na kwa utaratibu upi? Na je, nikifanya vibaya mara ya kwanza nitakuwa nimejiharibia? Shahada ya zaidi ya miaka ishirini iliyopita wataihesabuje?

Mama wa Wawili

*

Mama wa Wawili, dada yangu, pole na hongera kwa pamoja.

Kile kitabu kirudishe kwa mwenyewe kwa shukrani. Michezo ya mantiki iliondolewa kwenye LSAT kuanzia mtihani wa Agosti 2024, na saa utakazoitumikia ni saa za bure kabisa. Mtihani wa sasa una sehemu nne za dakika 35 kila moja, na mapumziko ya dakika kumi baada ya sehemu ya pili. Sehemu mbili zenye alama ni za kupima hoja, moja ni ya kusoma na kuelewa. Ya nne haihesabiwi: ni ya majaribio, yaweza kuwa ya aina yoyote kati ya hizo mbili, na hutaambiwa ni ipi. Usipoteze nguvu kuitafuta. Watu wanaokisia katikati ya mtihani kwamba "hii ndiyo ile ya majaribio" na kulegeza mwendo mara nyingi hukosea, na walicholegeza huwa ndicho kinachohesabiwa.

Hii ina maana kwamba theluthi mbili ya alama zako zinatoka kwenye hoja. Huko ndiko saa zako nane ziende kwa wingi, hasa miezi ya mwanzo.

Sasa swali lako la msingi: umri, lugha au saa? Hili halijibiwi kwa hisia, linapimwa. Chukua sehemu moja ya hoja, yenye maswali 24 hadi 26, uifanye kwa dakika 35 kamili. Ukiwa unafanya, weka alama kwenye kila swali ambalo jibu lake huna hakika nalo. Saa ikilia, usiangalie majibu. Kunywa maji, kisha rudi kwenye yale uliyoyatilia shaka pamoja na yale ambayo hukuyafikia, uyafanye upya bila saa, kwa muda wowote utakaohitaji, na uandike majibu ya pili pembeni. Hapo ndipo uangalie majibu sahihi na upige hesabu mbili: ulipata mangapi kwa saa, na mangapi bila saa.

Ukipata 14 kwa saa na 22 bila saa, kichwa kiko sawa na Kiingereza kinatosha. Kinachokosekana ni mwendo, na mwendo huja kwa mazoezi. Ukipata 14 kwa saa na 16 bila saa, basi kukimbizana na saa hakutakusaidia lolote. Bado hujaelewa hoja zinavyojengwa, na kila mtihani utakaoufanya kwa saa utakuwa unarudia makosa yaleyale kwa kasi. Kwa uzoefu wa safu hii, watu wazima wanaorudi shuleni hujilaumu kwa umri wakati hesabu ya pili ingewaonyesha jambo tofauti kabisa. Na kwa kuwa una miaka 44, kabla ya kuulaumu ubongo kapime macho. Kusoma kifungu kizito kwenye skrini kwa zaidi ya saa mbili bila miwani inayokufaa kunachosha haraka, na uchovu huo hufanana sana na "kichwa hakishiki". Programu ya mtihani inaruhusu kukuza maandishi na kupanua nafasi kati ya mistari. Jifunze kuitumia tangu siku ya kwanza.

Ushauri wa kufanya mtihani mzima kila siku ndio mbaya kuliko yote uliyopewa. Mtihani unapima tu. Kinachofundisha ni mapitio yake. Mtihani mmoja wa saa mbili na nusu unadai mapitio ya muda kama huo au zaidi, na asiyeyafanya anachoma maswali mazuri ambayo hawezi kukutana nayo tena yakiwa mapya. Pamoja na hayo, kwa saa nane za wiki hesabu yenyewe haikubali.

Nikuonyeshe namna ya kupitia swali moja, kwa mfano niliouunda hapa. Hoja inasema: wafanyakazi wanaokwenda kazini kwa baiskeli huomba siku chache za ugonjwa kuliko wanaokwenda kwa gari, kwa hiyo kampuni ikiwashawishi wenye magari wahamie kwenye baiskeli, siku za ugonjwa zitapungua. Unaulizwa hoja hii inategemea dhana gani ambayo haikutajwa.

Kabla ya kusoma majibu, tenga hitimisho na sababu. Hitimisho ni la baadaye: siku zitapungua. Sababu ni ya sasa: hawa wawili wanatofautiana. Katikati pana pengo. Huenda si baiskeli inayoleta afya. Huenda wenye afya ndio wanaochagua baiskeli. Ukishaliona pengo, majibu yanasomeka kwa urahisi. "Baiskeli ni nafuu kuliko gari" ni kweli, lakini haigusi hoja. "Hakuna mpanda baiskeli anayeugua" inagusa, ila imezidi kiasi: hoja haihitaji wasiugue kabisa. "Mazoezi ndiyo kinga bora kuliko zote" nayo imezidi. Jibu litakuwa la unyenyekevu, mfano: "Tofauti ya siku za ugonjwa haitokani yote na wenye afya njema kupendelea baiskeli."

Ulithibitishe kwa kulikanusha. Tuseme tofauti hiyo yote inatokana na wenye afya kupendelea baiskeli. Je, hoja inasimama? Inaanguka palepale. Basi hilo ndilo jibu. Sasa kanusha lile la "hakuna anayeugua": wapo wapanda baiskeli wanaougua. Hoja inaendelea kusimama bila shida. Basi silo. Jaribio hili la kukanusha ni la maswali ya dhana ambayo hoja haiwezi kuishi bila hiyo. Usilipeleke kwenye maswali yanayouliza nini kingeithibitisha hoja kikamilifu, kwa sababu kule jibu zito, lililozidi, ndilo linalotakiwa mara nyingi. Watu hujifunza kuyaogopa majibu mazito kisha wakayakataa hata pale yanapohitajika. Soma swali kwanza, ujue unatafuta uzito gani.

Kwa hiyo kwenye daftari lako la makosa kila swali ulilokosa, na kila ulilopata kwa kubahatisha, liandikiwe mistari mitatu: kilichonivuta kwenye jibu baya, kasoro ya jibu hilo kwa maneno yangu, na dalili nitakayoiangalia safari ijayo. Marufuku kuandika "uzembe". Ukiandika uzembe hujaandika kitu. "Nilichukua jibu linalosema wote wakati hoja ilisema wengi" ndiyo lugha ya daftari hili. Baada ya mwezi utaona kosa moja au mawili yanajirudia kurasa nzima, na hapo ndipo utajua Jumamosi ijayo ufanye mazoezi ya nini.

Kuhusu Kiingereza niseme wazi: kutokuwa mzaliwa wa lugha si sababu ya kuongezewa muda. Muda wa ziada ni kwa wenye ulemavu au hali ya kiafya yenye ushahidi wa kitabibu, nao huombwa kabla ya tarehe ya mwisho ya kujisajili. Lakini habari njema ni kwamba LSAT haipimi msamiati wa kifahari. Inapima maneno madogo. Chukua sentensi "Ombi halisomwi isipokuwa ada imelipwa." Ukiambiwa ombi limesomwa, una hakika ada ililipwa. Ukiambiwa ada imelipwa, je, ombi litasomwa? Hujui, huenda kuna masharti mengine. Mtihani unacheza na kosa hilihili tena na tena kupitia unless, only if na if. Yaandike kwenye kadi, kila neno na sentensi tano ulizozitunga mwenyewe, na kila sentensi uigeuze: kinachofuata ni nini, kisichofuata ni nini.

Ongeza some na most kwenye kadi hizo. Katika mazungumzo tukisema baadhi ya wageni wamekula, msikilizaji anaelewa kwamba wengine hawajala. Kwenye LSAT some ni angalau mmoja, na haikatazi kuwa wote. Most ni zaidi ya nusu, nayo haikatazi kuwa wote. Kosa hili halitokani na Kiingereza kibovu, hata wazaliwa wa lugha wanalifanya.

Wengi huuliza kama ni vibaya kufikiri kwa Kiswahili wakati wa kusoma. Hapana. Ukimaliza aya, ukajiambia kimoyomoyo "hapa anapinga nadharia ya zamani", umefanya kazi nzuri kwa lugha yoyote. Kibaya ni kutafsiri sentensi kwa sentensi, kwa sababu saa haitakuvumilia.

Sehemu ya kusoma ina mafungu manne yenye jumla ya maswali 26 hadi 28. Moja kati ya manne huwa ni jozi ya vifungu viwili vifupi vinavyolinganishwa. Mada huzunguka sheria, sayansi, sayansi ya jamii, na sanaa na fasihi. Hutakiwi kujua chochote cha mada kabla, na ukijua kitu, jihadhari: jibu litoke kwenye kifungu, si kwenye ulichokisoma kwingine. Kinachowaangusha watu hapa ni kuchanganya sauti. Mwandishi anaeleza maoni ya wakosoaji, kisha aya inayofuata anayapinga, halafu swali linauliza mwandishi angekubaliana na lipi. Jibu la mtego ni maneno ya wakosoaji, yamenakiliwa vizuri kabisa. Basi unaposoma, jiulize kila aya: hapa anasema nani? Programu ya mtihani ina kalamu ya kung'arisha maandishi; ing'arishe sehemu sauti inapobadilika, na pale mwandishi anapofichua msimamo wake, hata kwa neno moja kama "kwa bahati mbaya". Ukiing'arisha nusu ya kifungu hujang'arisha kitu.

Sasa tuje kwenye ile saa inayokutisha. Maswali 25 kwa dakika 35 ni dakika moja na sekunde 24 kwa kila swali, lakini hakuna anayefanya vizuri kwa kugawa sawasawa. Maswali ya mwanzoni mwa sehemu ya hoja kwa kawaida ni mepesi kuliko ya theluthi ya mwisho. Kumi ya kwanza uyamalize kwa dakika kama 12 bila kuharakisha kiasi cha kukosea, kisha ukikutana na swali refu lenye hoja sambamba za kulinganisha, liwekee alama, lijibie kwa kukisia, uendelee. Rudi kama muda upo.

Na usiache swali hata moja tupu. LSAT haipunguzi alama kwa jibu baya. Yale maswali saba uliyoyaacha bila kugusa, kila moja lina majibu matano. Ukijaza herufi ileile kwa yote, kwa wastani unaokota moja na pointi kidogo. Weka mazoea: zikibaki dakika mbili, jaza yote yaliyobaki, ndipo uendelee na ulilonalo mkononi.

Kwa kipindi hiki ambacho mwendo wako bado haujakaa, napendelea mtu afanye maswali 18 na apate 16 kuliko kukimbilia yote 25 na kupata 14. Kwenye kusoma vilevile. Mafungu manne kwa dakika 35 ni dakika nane na robo tatu kila moja. Kama hufiki, fanya matatu kwa dakika kama kumi na moja na nusu, na la nne ulijaze kwa kukisia. Chagua la kuacha kwa kutazama idadi ya maswali: lenye maswali machache ndilo la kutoa kafara. Mwendo utaongezeka wenyewe kadri aina za maswali zinavyozoeleka, na ukifikia kumaliza kwa usahihi, mpango huu wa kuacha fungu unautupa.

Utaratibu wa saa nane: saa moja moja siku nne za kazi, na saa nne Jumamosi. Saa ya siku ya kazi ningeiweka kabla ya kwenda kazini. Najua mama wa watoto wawili asubuhi anakuwaje, lakini saa nne usiku baada ya siku nzima ya bili, utasoma aya moja mara tatu na kujihesabia umesoma saa nzima. Kama asubuhi haiwezekani kabisa, tumia mapumziko ya chakula cha mchana kwa dakika 35 za sehemu moja, na jioni nusu saa ya mapitio. Simu iwe chumba kingine.

Wiki nane za kwanza usiguse saa. Fanya aina moja ya maswali kwa wakati: kutafuta hitimisho, kasoro, dhana, kuimarisha, kudhoofisha, kinachofuata kwa lazima. Maswali kumi na tano yaliyochambuliwa vizuri yanatosha kwa kipindi cha saa moja, na mwanzoni hata kumi si haba. Wiki kumi zinazofuata fanya sehemu mojamoja kwa saa, kila sehemu na mapitio yale ya hesabu mbili niliyoeleza. Wiki nane au kumi za mwisho ndipo mtihani mzima wa sehemu nne uingie, kwanza kila Jumamosi ya pili, kisha kila Jumamosi, na wiki ya mwisho kabisa upumzike nao. Jumla ni kama miezi sita na nusu. Mtu akikuuzia ahadi ya wiki sita kwa saa zako nane, mwachie ahadi yake.

Vifaa usinunue vingi. LSAC, ambao ndio wenye mtihani, wana jukwaa linaloitwa LawHub. Akaunti ya bure inakupa mitihani kadhaa halisi kwenye skrini ileile utakayoikuta siku yenyewe. Ya kulipia, takriban dola 120 kwa mwaka, inafungua zaidi ya mitihani hamsini. Mitihani ya muundo mpya imepewa namba kuanzia 101, kwa hiyo ukiona namba iliyo chini ya 100 ujue ni ya muundo wa zamani, wenye michezo. Ongeza kitabu kimoja kizuri cha hoja kilichotolewa baada ya mabadiliko ya 2024. Kimoja. Wenye vitabu vitano husoma sura ya kwanza ya kila kimoja.

Kabla ya kulipa chochote, omba msamaha wa ada kwa LSAC kama kipato cha familia ni cha wastani au chini. Ukikubaliwa unapata mtihani, huduma ya kukusanya nyaraka na LawHub ya kulipia. Ulichokwisha kulipa hakirudishwi, ndiyo maana nasema kabla. Bila msamaha, mtihani ni karibu dola 250, huduma ya nyaraka ni zaidi ya dola 200, na kila chuo unachoomba kinaongeza dola 45 za ripoti, mbali na ada ya chuo chenyewe.

Kujiharibia? LSAT haina kufaulu wala kufeli. Ni alama kati ya 120 na 180. Unaruhusiwa kuifanya mara tano ndani ya kipindi ambacho alama zake bado zinatumwa vyuoni, na mara saba katika maisha yako yote. Vyuo vinaona alama zako za kipindi hicho, lakini takwimu ambazo vinatakiwa kuzitangaza hutumia alama ya juu kabisa ya kila mwanafunzi, kwa hiyo wao wenyewe wana sababu ya kuitazama iliyo bora. Kurudia si aibu. Kinachoumiza ni kurudia baada ya wiki nne bila kubadilisha namna ya kusoma.

Usichague tarehe kwanza. Weka lengo kwanza. Kila chuo cha sheria kilichoidhinishwa na ABA, chama cha wanasheria wa Marekani, kina taarifa ya wazi ya kila mwaka, inaitwa taarifa ya 509, inayoonyesha alama za LSAT za robo ya chini, za katikati na za robo ya juu za waliojiunga. Tafuta ya chuo chako. Lengo lako liwe alama ya katikati au zaidi, kwa sababu hapo ndipo ufadhili unapoanza kuzungumzwa, na ukiwa hapohapo kwenye taarifa tazama ni wanafunzi wangapi walipunguziwa au kunyang'anywa ufadhili wenye masharti baada ya mwaka wa kwanza. Wengi hawausomi ukurasa huo. Wastani wa mitihani yako mitano ya mwisho iliyofanywa kwa saa ukifikia lengo, jisajili. Usitegemee siku yenyewe ikupe alama sita za zawadi. Mara nyingi hutoa pungufu ya mazoezi.

Ukianza Januari, mtihani wa Agosti unakufaa, na wa Septemba au Oktoba uwe akiba. Vyuo vingi hupokea maombi kuanzia Septemba na kuyaamua kadri yanavyoingia, kwa hiyo ombi la Novemba hushindania nafasi na fedha nyingi kuliko la Machi. LSAC wametangaza kwamba kuanzia Agosti 2026 watahiniwa wengi watafanyia kwenye vituo badala ya nyumbani. Basi mitihani yako mizima ya Jumamosi ifanyie maktaba, kwenye meza ya kawaida, watu wakipita, saa ileile utakayopangiwa.

Kuna pia insha. Ina dakika 15 za kuandaa na 35 za kuandika, unaifanya kwenye kompyuta yako siku tofauti, na inafunguliwa siku nane kabla ya mtihani. Haina alama ila vyuo vinaisoma, na kwa anayefanya LSAT mara ya kwanza, bila insha matokeo hayatolewi. Imalize mapema.

Shahada yako ya 2004 bado ni shahada. Kwa kuwa ulisoma nje ya Marekani na Kanada, LSAC hawatakutengenezea ule wastani wa alama wanaoupata wenzako. Nakala zako za matokeo ya chuo (transcripts) zitathibitishwa na kufanyiwa tathmini ya jumla ya ufaulu. Kwa mtazamo wangu hili linaipa LSAT uzito mkubwa zaidi, kwa sababu ndiyo namba pekee ambayo kamati inaweza kukulinganisha nayo na wengine moja kwa moja. Kazi yako ya miaka hii nayo ina sauti: barua ya msimamizi anayeeleza namna unavyosoma nyaraka na kuandika inazidi barua ya mhadhiri aliyekusahau, ingawa soma masharti ya chuo, vingine vinataka angalau barua moja ya kitaaluma.

Angalia pia jina. Jina la kwanza na la mwisho kwenye akaunti ya LSAC lazima yafanane na kitambulisho utakachokwenda nacho, chenye picha na ambacho hakijaisha muda. Kwetu mtu anaweza kuwa na jina la baba kwenye cheti, la mume kwenye leseni, na la ukoo kwenye pasipoti. Kama majina ya cheti cha chuo ni tofauti, waandikie LSAC majina yote uliyowahi kuyatumia ili nakala zako zisielee bila mwenyewe.

Na nakala hizo ndizo za kuanza nazo wiki hii, hata kabla ya swali la kwanza la mazoezi. Lazima chuo chako cha zamani kizitume chenyewe moja kwa moja kwa LSAC pamoja na fomu ya kuomba nakala unayoichapisha kwenye akaunti yako. Ulizonazo kabatini hazikubaliwi. Ofisi ya msajili ikishapokea fomu, kutafuta faili la 2004, kusaini, kutuma na kuthibitishwa kunaweza kula miezi. Mtafute ndugu aliye karibu na chuo aende dirishani na nakala ya fomu, na ahakikishe bahasha imefungwa na kupigwa muhuri juu ya mfuniko kabla haijaondoka.